King'ora cha Ngao na Kijenzi Kisichoitwa

King'ora cha mafuriko kililia kijijini Ngao kwa zaidi ya dakika arobaini, saa nne asubuhi, jua limewaka, na mto wenyewe umenywea kiasi kwamba mtumbwi ulikuwa umekwama kwenye mchanga katikati. Katika dakika hizo watu walivunja mahindi mabichi wakayajaza kwenye magunia, wakabeba magodoro kwenda mwinukoni, na kundi zima la ng'ombe likapita katikati ya mpunga. Mtu pekee aliyejua kwa hakika kwamba hakuna maji yanayokuja nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nakimbia, na kukimbia kwangu ndiko kulikowafanya waliokuwa bado wanasitasita waamini.

Niseme mapema kwamba naona aibu. Hadi leo nikipita Ngao nachagua njia ya nyuma, nikisikia mtu anacheka nageuka kuangalia kama anayechekwa ni mimi, na mara nyingi ni mimi.

Naitwa Rehema. Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Garsen, si mbali na stendi, ambacho nashiriki na Kofa, yeye ni fundi wa sola na redio, na siku tatu kwa wiki nafundisha vijana kuandika programu katika chuo kimoja cha ufundi (chuo sikitaji, hakina kosa lolote katika haya). Nimezaliwa Ngao, na shangazi yangu Habona bado analima pale pale, kipande kimoja cha mahindi na kingine cha mpunga, karibu na maji. Ndiyo maana kamati ya mto ilipotafuta mtu wa kutengeneza kifaa cha kuonya mafuriko, ilinijia mimi.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hamtaona uzito wa mkasa wenyewe. Wafugaji wana njia zao za kufikisha ng'ombe mtoni, tunaziita malka, zinapita kati ya mashamba, wakulima wanaziacha wazi na ng'ombe hatakiwi kutoka nje yake. Akitoka, akaingia kwenye mpunga wa mtu, hilo si jambo dogo. Yalishatokea mambo miaka ya nyuma ambayo kila nyumba huku inayakumbuka na mimi sitayasimulia. Lakini mafuriko yakija, malka ni nyembamba, ng'ombe wanasongamana, wanazama. Kwa hiyo kamati, nusu wakulima na nusu wafugaji, ilikaa vikao saba (najua ni saba kwa sababu ndimi niliyekuwa naandika kumbukumbu), wakabishana, wakasusa, wakarudi, na mwishowe wakakubaliana: king'ora kikilia, malka hazina mipaka. Ng'ombe apite popote, hata katikati ya shamba, mradi afike mwinukoni, na hakuna mkulima atakayedai kitu.

Mapatano yote hayo yalining'inia kwenye king'ora kimoja juu ya bati la ghala la mpunga, na king'ora kilining'inia kwenye programu yangu.

Hofu waliyokuwa nayo wote, kila upande kwa siri yake, ni kwamba upande wa pili utakichezea. Wakulima walihofu kitalizwa makusudi ili ng'ombe washibe mpunga. Wafugaji walihofu kitanyamazishwa. Kwa hiyo kompyuta ndogo ya kukiendesha, pamoja na betri yake, ikafungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye makufuli mawili: ufunguo mmoja kwa shangazi Habona kwa niaba ya wakulima, wa pili kwa Mzee Barisa, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, kwa niaba ya wafugaji. Sanduku lisifunguliwe bila wote wawili. Nikaongeza na langu: waya wa kwenda kwenye king'ora nikaupitisha ndani ya bomba la chuma, asije mtu akaukata. Nikapongezwa kwa wazo hilo.

Na tangazo nikalitoa mimi mwenyewe, kwa kipaza sauti, kanisani likasomwa, msikitini likasomwa: "King'ora hiki hatutakiliza kwa majaribio. Kikilia, kimelia kweli."

Sasa uamuzi wenyewe.

Kipimo tulichopata cha kuzamisha mtoni kilikuwa cha bei nafuu, na kilizungumza na kompyuta kwa mipigo ya haraka sana, ambayo programu ya kawaida huikosa kwa sababu inasubiri zamu yake pamoja na programu nyingine. Ilibidi niandike draiva, yaani kipande cha programu kinachoingizwa ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoendesha kila kitu kingine. Kule ndani watu huandika kwa lugha ya C. Hakuna askari atakayekukamata ukiandika kwa nyingine, ni desturi tu, lakini ina sababu zake, na sababu hizo nilizijua, nilishawahi hata kuzitolea mtihani.

Lakini nilikuwa nimetoka kufundisha muhula mzima wa C++, lugha ya vitu, na nilikuwa nimeipenda kama mtu anavyopenda kiatu kipya, anakivaa hata kwenda chooni. Katika lugha hiyo unaandika klasi, ambayo ni kama mchoro wa fundi: nikaandika klasi ya Mto, ndani yake kina cha maji, mpaka wa hatari, na kazi zake, kusoma, kuliza, kuzima. Kutoka kwenye mchoro huo unazalisha vitu vingi unavyotaka. Nilikuwa naona mbali: leo Ngao, kesho Hola, keshokutwa Chewele, mchoro ni ule ule. Nilikuwa naona na picha yangu ukutani mahali fulani.

Kofa aliniona naandika, akaweka chini kifaa chake cha kuchomelea.

"Hiyo draiva unaiandika na C++?"

"Ndiyo."

"Ndani ya kerneli?"

"Ndiyo, Kofa."

"Kwani C imekukosea nini?"

"C haina klasi."

"Rehema, hii ni king'ora. Inalia ama hailii. Klasi ya nini?"

Nikamwambia hajui mambo ya usanifu. (Nilitumia neno hilo hilo, usanifu, na nikalirudia.) Akaokota kifaa chake akaendelea na redio ya watu.

Kerneli haikutaka. Kila nilipojaribu ilinitolea makosa, mengine ukurasa mzima, nami nikayashinda moja moja: vile ambavyo kerneli haivikubali nikavizima, vile inavyokosa nikaviandika mwenyewe, maneno yaliyogongana nikayazunguka. Kila kosa nililolishinda nilijiona shujaa. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu anayeingia nyumba inayomtaka anapigana na mlango namna hiyo.

Kuna kitu katika lugha hiyo kinaitwa kijenzi. Kazi yake ni kutangulia: kitu kinapozaliwa, kijenzi ndicho kinachokipa thamani zake za mwanzo. Kijenzi changu kilikuwa kifupi na kizuri, kilisema mpaka wa hatari ni mita nne. Katika programu ya kawaida huna haja ya kukiita, kuna utaratibu wa nyuma unaokiita wenyewe kabla kazi haijaanza. Ndani ya kerneli tuliyokuwa nayo utaratibu huo haukuwepo. Kijenzi changu kilikuwemo humo, kimeandikwa, kimekaa, kinangoja kuitwa, na hakuna aliyekiita. Kwa hiyo kitu changu kiliamka na kile kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta iliyosafishwa, yaani sifuri. Mpaka wa hatari: mita sifuri. Maana yake, maji yoyote yanayozidi hakuna kabisa ni mafuriko.

Mtauliza, hukujaribu? Nilijaribu. Kwanza niliijaribu kama programu ya kawaida kwenye laptopu yangu, ambako kijenzi kiliitwa vizuri na kila kitu kikawa sawa. Halafu niliiingiza ndani ya kerneli pale kibandani, kipimo kiko juu ya meza, kikavu. Kikasoma sifuri. Mpaka ni sifuri. Sifuri haizidi sifuri. King'ora kikanyamaza, nikamwambia Kofa, "Unaona?" nikaagiza chai na mahamri.

Siku ya kuweka kipimo mtoni tulikuwa kama watu ishirini mbele ya ghala. Shangazi alikuwepo na ufunguo wake umefungwa kwenye pembe ya leso, Mzee Barisa amesimama pembeni na fimbo yake mabegani, Kofa anakaza nati za mwisho. Wakafungua makufuli, nikawasha, nikaunganisha laptopu yangu na ile kompyuta ndogo kwa wayalesi, wakafunga makufuli mbele ya watu wote, kila mmoja akalivuta la mwenzake kuhakikisha. Watu wakapiga makofi. Kipimo kikashushwa mtoni. Nikasema maneno machache kuhusu usanifu (nilikuwa nimeyaandika), nikabonyeza kitufe cha laptopu kuingiza draiva.

King'ora kikalia.

Nimewahi kusikia sauti kubwa, lakini ile iliingia kwenye meno. Kuku wa jirani walitawanyika. Watu ishirini wakaniangalia mimi, si mto, na mto ulikuwa pale pale mbele yao, umelala, na ule mtumbwi umekwama.

Mzee Barisa akanisogelea, akaweka mdomo karibu na sikio langu.

"Binti. Ni kweli?"

Jibu lilikuwa neno moja, hapana. Lakini kusema hapana ilikuwa ni kusema nimekosea, mbele ya watu ishirini, dakika moja baada ya hotuba. Nikasema, "Ngoja kwanza, mzee, niangalie." Na nikainamia laptopu.

Nafikiri kama ningekuwa na muda wa kuurudisha nyuma ningeuomba ule tu, kama sekunde tano. Maana yeye alingoja kidogo, akatazama mto, akatazama upande wa juu unakotoka, nikaona anafikiri maji makubwa yameachiliwa huko juu na kifaa kimeyajua kabla ya macho. Kisha akaondoka, mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia, halafu akakimbia. Shangazi naye nikamwona mgongo tu. Wengine wakafuata, kila mtu upande wa kwake.

Nikaandika amri ya kuzima. Hapa ndipo penye dosari ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Ile amri ilipitia kwenye orodha ya kazi za kitu, na orodha hiyo nayo kijenzi ndicho kinachotakiwa kuielekeza. Kijenzi hakikuitwa, orodha ikaelekea sifuri, kerneli ikaifuata huko, ikaanguka. Laptopu yangu ikagandisha maandishi. Kompyuta ya ndani ya sanduku ilikuwa imekufa, na imekufa king'ora kikiwa kimewashwa.

"Imeganda!" nikampigia Kofa kelele.

"Fungua sanduku tukate betri!"

"Funguo hazipo!"

"Basi waya!"

Tukatazama lile bomba la chuma, sote wawili.  Kofa alitoa msumeno wa chuma kwenye begi, umechakaa meno, akaanza kukwangua kufuli mojawapo. Mimi nikakimbia kumtafuta shangazi.

Sasa nifikirieni. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye kifaa, aliyetangaza kwa kipaza sauti kwamba kikilia kimelia kweli, anakimbia kwenye njia ya mashambani na laptopu kwapani, ndala moja imebaki nyuma, jasho, macho yamemtoka. Nilikuwa napiga kelele hakuna maji, hakuna maji, lakini king'ora kilimeza kila neno, watu waliona mdomo tu. Nikainua mikono nikawa napunga kuwaambia waache. Mkono wa kuacha na mkono wa kuondoka, ukiuona kwa mbali, mwenye nao anakimbia, ni mkono mmoja.

"Fundi anakimbia!" nilimsikia mwanamume mmoja nilipompita karibu. "Fundi mwenyewe anakimbia, nyinyi mnangoja nini?"

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa amekaa tu mlangoni anamenya muhogo, hana habari na king'ora wala nini. Aliniona, akaweka kisu, akainuka, akaingia ndani akatoka na godoro.

Nikasimama. Nikafikiri nitembee, nikitembea watatulia. Nikatembea hatua kama kumi, kiungwana, huku king'ora kinalia nyuma yangu na watu wanapita mbio pembeni na mbuzi begani, nikajiona nimekuwa kichaa, nikakimbia tena.

Shangazi nilimkuta kwenye mahindi yake, anavunja. Yalikuwa mabichi, wiki kadhaa kabla ya wakati wake, lakini ukijua maji yanakuja unavunja ulichonacho. Hakunitazama usoni.

"Rehema, shika gunia."

Nikalishika. (Sijui kwa nini. Ukiambiwa na shangazi shika, unashika.)

"Shangazi, hakuna maji."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na hicho kinacholia nani kakiliza?"

Nikatazama gunia.

"Nakuuliza."

"Mimi, shangazi. Lakini kwa makosa, kuna thamani haikuwekwa mwanzo, kijenzi..."

Akasimama wima na panga lake. "Sasa mwanangu, nikuamini wewe upi? Wewe wa hapa ama wewe wa kule juu ya bati?"

Kabla sijajibu tulisikia kwato. Ng'ombe wa Mzee Barisa walikuwa wanakuja kutoka uwanda wa chini, vumbi limewatangulia, wamefika kwenye ua wa miiba wa upande wa mpunga na wameanza kusukumana. Mpunga ulikuwa umechanua. Nilimwona shangazi anaangalia mpunga, anaangalia ng'ombe, anaangalia juu kule kwa king'ora. Kisha akaweka panga chini, akaenda kwenye ua, akaanza kuondoa miiba kwa mikono yake. Alivuta tawi moja, la pili, la tatu, akasimama kando. Ng'ombe wakaingia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na gunia.

Nataka niiseme hii sawasawa, maana ndiyo inayonikosesha raha. Hakuna aliyemlazimisha. Mapatano yalisema hatadai, hayakusema afungue. Alifungua yeye, kwa sababu kifaa changu kilimwambia kwamba ng'ombe wa mwenzake watakufa.

Mzee Barisa akaja nyuma ya kundi, anahema. Akamwona. Akaweka mkono kifuani.

"Ahsante mama. Mungu akulipe."

"Pitisha baba, pitisha upesi."

Nikatupa gunia, nikaenda nikasimama mbele yake, karibu kabisa ili anisikie.

"Mzee, hakuna maji."

"Sema tena."

"Hakuna maji. Mashine imekosea. Mimi nimekosea."

Akaangalia ng'ombe wake, wamejaa ndani ya mpunga, wengine wameshaanza kula, maana ng'ombe hajui mafuriko, anajua mpunga. Akamwangalia shangazi, mikono yake ina damu kidogo ya miiba. Akanirudia mimi.

"Binti," akasema, taratibu, "kama hakuna maji, mimi nafanya nini katika mpunga ya huyu mama?"



Aliwaita wachungaji wake kwa lugha yao, kwa ukali, na wakawarudisha ng'ombe kwenye njia ile ile waliyojia, asikanyage mmoja mahali papya, jambo lililochukua muda mrefu kuliko kuingia. Kisha tukarudi watatu ghalani, mimi mbele bila ndala, wao wawili nyuma yangu. Watu waliokuwa wanakwenda mwinukoni walituona tunarudi kuelekea mtoni, wakasimama na mizigo yao kichwani. Kofa alikuwa amefikisha msumeno robo ya kufuli. Shangazi akafungua leso, Barisa akafungua mfuko wa shati, makufuli yakatoka, Kofa akang'oa waya wa betri.

King'ora kikazima. Nilisikia mtu mmoja mbali anacheka, peke yake.

Mchana huo huo kamati ilikaa mbele ya ghala, na nusu ya kijiji imesimama nyuma yao, magodoro yameegemezwa ukutani. Niliambiwa nieleze. Nikaeleza klasi, nikaeleza kijenzi, nikaeleza kwamba kerneli haiviiti vijenzi na mimi nilijua au nilitakiwa kujua. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Yaani hiyo mashine ilidhani mto unatakiwa uwe na maji kiasi gani?"

"Sifuri," nikasema.

Kicheko kilichotoka hapo ndicho kilichonipa jina. Bi Sifuri. Wanafunzi wangu Garsen walilijua kabla sijafika, maana mtu alinitangulia na bodaboda.

Lakini Mzee Barisa hakucheka. Alisema atalipa mpunga. Wafugaji wenzake wakaguna. Shangazi akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Mapatano yalisema hakuna kudai. Mimi sidai. Ng'ombe wako hawana kosa na wewe huna kosa." Hakunitazama aliposema hivyo, na kila mtu alijua ni nani aliyebaki. "Lakini niandikieni hili. Siku nyingine mimi sitaondoa mwiba kwa sauti ya bati."

Wakulima wengine wakaitikia. Mfugaji mmoja akauliza, kwa hiyo ng'ombe zife? Mwingine akamjibu, kwa hiyo mpunga ufe? Sauti zikaanza kupanda. Mwenyekiti akafunga kikao haraka kabla hazijafika zilikokuwa zinaelekea. Niliandika kumbukumbu, nikaliandika na hilo la bati kama lilivyosemwa.

Niliiandika draiva upya kwa C kwa siku mbili. Ni fupi, haina klasi, haina usanifu wowote wa kuongelea, na mpaka wa hatari umeandikwa pale pale mtu yeyote anapoweza kuusoma: mita nne. Tumeijaribu kwenye pipa, tumeijaribu kisimani tukiwa tumekifunga king'ora mdomo kwa magunia na nguo, tumeiangusha makusudi tuone kama king'ora kitazimika, kikazimika. Nimeapa sitaingiza tena lugha ya vitu ndani ya kerneli, hata mtu akinionyesha kwamba inawezekana, maana najua inawezekana, mimi niliiwezesha. Na nimeapa jambo la pili lililo gumu zaidi: nikiulizwa ni kweli, na si kweli, nitasema hapana palepale, nimalizie kuangalia baadaye. Kofa anasema kiapo cha kwanza nitakivunja. 

Kuhusu kifaa basi, kiko sawa. Kuhusu mapatano ya malka, kamati imeitisha kikao mara mbili na mara mbili wakulima hawakutosha. Hayajafutwa, hayajathibitishwa.

Jana binamu yangu wa Kinakomba, upande wa juu wa mto, alipiga simu akasema maji yameingia kwenye migomba yao, na yanapanda. Kutoka kule hadi huku yanachukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Nilimpigia shangazi nikamuuliza, kikilia utatoka? Akasema atautazama mto mwenyewe. Nikamuuliza, na ng'ombe? Akasema simu haina chaji.

Ng'ombe wa Mzee Barisa bado wako uwanda wa chini, na kati yao na mwinuko lipo lile shamba la mpunga la shangazi. Kipimo asubuhi ya leo kimesoma mita mbili na robo. Jana saa kama hii kilisoma moja na nusu. Kamati haijakaa.